Maswali ya Mgeni: Wanaojifunza Katika Historia ya Sarufi ya Kiingereza

Katika madarasa ya Kiingereza ya Afrika Mashariki yako maswali ambayo kila mwalimu ameyazoea. Mwanafunzi huuliza kwa nini husemwa "much water" na "many books", ilhali kwa Kiswahili maji ni mengi na vitabu ni vingi, na shina la neno ni lile lile. Huuliza ni wakati gani atumie "borrow" na ni wakati gani atumie "lend". Aliyeulizwa kwa Kiingereza kama hajala, akajibu "Yes, I have not eaten", hutaka kujua amekosea wapi, maana amekubaliana na aliyemwuliza. Jibu analopewa aghalabu huwa fupi: ndivyo kanuni ilivyo, na ndivyo wenye lugha wasemavyo.

Jibu hilo limebeba dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kanuni za Kiingereza zilikuwapo tangu zamani, zikihifadhiwa na wenyeji wa lugha hiyo, zikisubiri kufundishwa kwa wengine. Ya pili ni kwamba anayeuliza ni mtu wa nje tu, asiye na mchango wowote katika kanuni hizo ila kuzitii au kuzivunja. Historia ya uandishi wa sarufi ya Kiingereza haiziungi mkono dhana hizi. Sehemu kubwa ya sarufi inayofundishwa leo ulimwenguni iliandikwa kwa sababu ya wageni waliouliza, na mara nyingine iliandikwa na wageni wenyewe. Kanuni ambazo wenyeji walijitungia wao kwa wao, kinyume cha inavyodhaniwa, ndizo ambazo mara nyingi zimesimama juu ya msingi dhaifu. Mhadhara huu unajadili jambo hilo kwa mifano michache, kisha unaitazama nafasi ya mzungumzaji wa Kiswahili ndani yake.

Wakimbizi, mshairi na mwanahisabati

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa kwa Kiingereza, kama inavyohesabiwa kwa kawaida, ni kijitabu cha William Bullokar cha mwaka 1586. Bullokar alikuwa akitetea heshima. Alitaka kuthibitisha kwamba Kiingereza nacho kina kanuni kama Kilatini, na kwa hiyo aliyachukua mafungu ya sarufi ya Kilatini akayavika maneno ya Kiingereza. Lakini miaka sita kabla yake, mwaka 1580, Mfaransa aitwaye Jacques Bellot alikuwa amekwisha kuchapisha mjini London kitabu cha kuwafundisha Kiingereza Wafaransa wenzake. Wengi wa Wafaransa hao walikuwa Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini kwao. Hawakuwa na shida ya kujua kama Kiingereza kina hadhi ya Kilatini; shida yao ilikuwa kununua nyama bila kupunjwa. Mwaka ule ule wa 1586 Bellot alitoa kitabu kingine, cha mazungumzo ya sokoni na ya nyumbani. Hivyo tangu mwanzo palikuwa na njia mbili: moja ya mwenyeji anayeipamba lugha yake, nyingine ya mgeni anayetaka kujua inavyotumika.

Ben Jonson, mshairi na mwandishi wa tamthilia, alifuata njia ya pili. Muswada wake wa kwanza wa sarufi uliteketea kwa moto mwaka 1623. Aliuandika upya, na kitabu kikachapishwa mwaka 1640, miaka mitatu baada ya kifo chake. Jina refu la kitabu hicho linatamka wazi kwamba kimetungwa kwa manufaa ya wageni, kutokana na kuichunguza lugha kama inavyosemwa. Kuichunguza kama inavyosemwa: kwa zama zile, ambapo sarufi ilimaanisha Kilatini, hilo halikuwa dai dogo.

Aliyelitimiza dai hilo kwa ukamilifu zaidi ni John Wallis, profesa wa jiometri wa Oxford, yule yule aliyekileta katika hisabati kialama cha ukomo usiofikika. Sarufi yake ya mwaka 1653 aliiandika kwa Kilatini, kwa kuwa wasomaji aliowalenga walikuwa watu wa nchi nyingine za Ulaya. Wallis aliwalaumu waliomtangulia kwa kukibana Kiingereza ndani ya mafungu ya Kilatini, akasema kufanya hivyo kunaongeza ugumu pasipo sababu. Kwa kuwa alimfikiria msomaji asiyejua, aliyaona mambo ambayo mwenyeji hayaoni. Mojawapo ni matumizi ya "shall" na "will".

Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao kama -ta- ya Kiswahili. Hutumia vitenzi visaidizi, na viwili kati ya hivyo huonekana kufanya kazi moja. Wallis aliona kwamba wageni wanavichanganya, akatoa mwongozo: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutishia; katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikatabiri na "shall" ikaahidi au ikatishia. Huo ulikuwa msaada kwa mgeni, kama fimbo anayopewa mtu anayevuka mto asioujua.

Yaliyotokea baadaye yanastahili kuangaliwa kwa makini. Wanasarufi wa karne ya 18 na ya 19 waliuchukua mwongozo huo, wakaurefusha kwa vifungu vya maswali na vishazi tegemezi, kisha wakaugeuza kuwa kipimo cha wenyeji. Waskoti, Waairishi na Wamarekani, ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, walichekwa kwa kusema "I will" pale ambapo kitabu kilitaka "I shall". Fimbo ya mvuka mto ikawa fimbo ya kuchapia. Mwaka 1925 Charles Fries, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya maneno hayo katika tamthilia za Kiingereza na za Kimarekani, na akaonyesha kwamba matumizi halisi hayafuati jedwali la vitabu, hata katika nafsi ya kwanza. Pamoja na hayo, jedwali liliendelea kusafiri. Lilifika katika shule za makoloni, na watoto ambao lugha zao hazina tatizo hilo kabisa walilikariri kwa utii kuliko watoto wa London.

Kanuni za waungwana

Kati ya Wallis na Fries liko kundi la kanuni ambazo hazikutokana na swali la mgeni yeyote. Hizi zilitokana na wenyeji kutazamana. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na watu wengi waliopanda ngazi kwa biashara, nao walitaka kusema na kuandika kama waungwana. Vitabu vya kuwaonyesha namna ya kufanya hivyo vilipata soko.

Kanuni inayokataza kuimalizia sentensi kwa kihusishi ni mfano mzuri, tena wa kuchekesha kidogo. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufa, kwa kuviacha vihusishi mwishoni mwa sentensi. Kigezo cha Dryden kilikuwa Kilatini, ambamo jambo hilo haliwezekani. Baadaye akaona kwamba yeye mwenyewe ana kosa hilo hilo, na alipoitoa upya mwaka 1684 insha yake ya mwaka 1668 kuhusu tamthilia, alizipitia sentensi na kuvihamisha vihusishi vyake. Askofu Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, alikuwa mpole zaidi. Alisema kwamba muundo huo umezoeleka sana katika mazungumzo, ila wa kukitanguliza kihusishi unapendeza zaidi katika maandishi ya hadhi, na sentensi aliyolisemea jambo hilo aliimalizia kwa kihusishi. Huenda alikuwa akitania. Wanafunzi wa wanafunzi wake hawakutania. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitunga mwaka 1795 sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana ya mji huo, akichota kwa Lowth na kwa wengine. Kitabu chake kilipigwa chapa mara nyingi mno pande zote mbili za Atlantiki, na mapendeleo ya Lowth yakasomwa kama sheria.

Mfano wa "less" na "fewer" unamgusa msomaji wa Kiswahili kwa karibu. Kanuni ya vitabu husema kwamba "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ni ya visivyohesabika. Aliyelianzisha jambo hili katika maandishi ni Robert Baker, mwaka 1770, naye hakulileta kama kanuni. Alisema tu kwamba, kwa maoni yake, "fewer" ingefaa zaidi katika nafasi fulani. Kabla yake, kwa karne nyingi, tangu enzi za Mfalme Alfred, Waingereza walilitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika bila kuona haya. Waingereza na Wamarekani wanaendelea kugombana hadi leo juu ya vibao vya madukani vyenye neno hilo.

Sasa na achukuliwe mwanafunzi wa Zanzibar au wa Tabora. Kiswahili sanifu kinatenganisha: watu ni wachache, maji ni kidogo. Anayesema "watu kidogo" husikika mara moja kuwa ameteleza. Kwa hiyo kanuni inayowagombanisha wenyeji wa Kiingereza kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni nyepesi, kwa sababu ameikuta nyumbani kwao. Kinachomsumbua ni upande wa pili, "much" na "many", kwa sababu hapo Kiswahili kina -ingi peke yake. Na upande huo wa pili wenyeji wa Kiingereza hawaukosei, hivyo hawakuona haja ya kuuandikia kanuni. Baker hana neno la kumsaidia mwanafunzi huyu, wala Lowth hana, wala Murray. Vitabu vyao vilijibu maswali ya watu wengine.

Ndiyo na hapana

Swali la "Yes, I have not eaten" linahitaji nafasi yake, kwa sababu ndani yake historia ya Kiingereza na muundo wa Kiswahili vinakutana.

Katika Kiswahili, anayeulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala" kama hajala. Neno "ndiyo" limejengwa kwa ndi- ya msisitizo na kirejeshi -yo, na maana yake ya asili ni kwamba jambo ni hilo lililotajwa. Anayelitamka anaikubali kauli ya muulizaji kama ilivyo, na kama kauli ina ukanushi, anaukubali pamoja na ukanushi wake. Kiingereza cha leo hakiitazami kauli ya muulizaji. Kinatazama hali ya mambo. Kama hukula, jibu ni "No", swali liwe limeulizwa kwa ukanushi au pasipo ukanushi.

Mwalimu asiyejua historia humwambia mwanafunzi kwamba njia ya Kiingereza ndiyo ya kimantiki. Hakika si hivyo. Kiingereza cha zamani kilikuwa na maneno manne. Swali lisilo na ukanushi lilijibiwa kwa "yea" au "nay". Swali lenye ukanushi lilijibiwa kwa "yes" au "no". Yaani "yes" lilikuwa neno la kuupinga ukanushi wa muulizaji, karibu na Mswahili anaposema "La, nimekula". Wafaransa wanalo neno la kazi hiyo hadi leo, na Wajerumani vile vile. Mwaka 1532 Thomas More, katika mabishano yake na William Tyndale, mfasiri wa Biblia, alimshambulia kwa kutojua tofauti ya "nay" na "no". Ukweli ni kwamba tofauti hiyo ilikuwa tayari inafifia. Karne moja baadaye ilikuwa imekufa, na "yes" ikabaki peke yake ikifanya kazi zote mbili.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeshangaa hashangai kwa ujinga. Ameweka kidole juu ya mahali ambapo Kiingereza chenyewe kilipoteza kitu. Mtu wa zama za More angelielewa swali lake vizuri zaidi kuliko mwalimu wa leo. Ni hivyo hivyo kwa "you": mwanafunzi aliyezoea kutenganisha wewe na ninyi huona kwamba pana pengo, na kweli pana pengo, kwani "thou" iliondoka katika matumizi ya kawaida.

Sarufi iliyoandikwa mbali na London

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kazi kubwa kuliko zote za kukieleza Kiingereza hazikufanywa Uingereza. Zilifanywa Uholanzi na Denmark, na watu waliojifunza lugha hiyo shuleni. Hendrik Poutsma, mwalimu wa Amsterdam, alianza kuitoa sarufi yake mwaka 1904, na katika jina la kitabu alitaja kwamba ni kwa matumizi ya wanafunzi wa Bara la Ulaya, hasa Waholanzi. Mwenzake Etsko Kruisinga alimfuata. Otto Jespersen wa Copenhagen alitoa juzuu ya kwanza ya sarufi yake mwaka 1909. Ya saba na ya mwisho ilitoka mwaka 1949, miaka 6 baada ya kifo chake.

Ni katika kazi za kundi hili ambapo mambo yanayomsumbua mwanafunzi wa Tabora yalianza kupewa majina. Jespersen, katika juzuu yake ya mwaka 1914, alizitenga nomino zinazohesabika na zile za vitu vya jumla visivyohesabika, na kueleza tabia za kila kundi. Inashangaza kwamba tofauti inayoamua kama mtu aseme "much" au "many", aweke "a" au asiweke, ilisubiri hadi karne ya 20 ndipo ikaelezwa kwa utaratibu. Mwingereza hakuwa na sababu ya kuiuliza. Alizaliwa akiijua, na kile mtu anachozaliwa akikijua hakimsumbui hata akiandikie kitabu.

Hatua iliyofuata ilipigwa Japani. Harold Palmer, Mwingereza aliyewahi kufundisha Ubelgiji, alikwenda Tokyo mwaka 1922, na mwaka uliofuata akaanza kuiongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. A. S. Hornby alifika Japani mwaka 1924 na baadaye akajiunga na kazi hiyo. Wanafunzi wao wa Kijapani walikuwa na lugha isiyo na vibainishi vya aina ya "a" na "the", wala haina tofauti ya lazima ya umoja na wingi katika nomino, na maswali yao yalikuwa magumu. Mwaka 1938 Palmer alitoa kitabu kilicholichukua kila neno kati ya maneno elfu moja hivi ya kawaida na kuonyesha linatumikaje: nomino kama inahesabika, kitenzi kama kinafuatwa na nini. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, walikamilisha kamusi yao, na ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na mchapishaji wa Kijapani. Mwaka 1948 Oxford iliitoa tena kwa ajili ya ulimwengu mzima. Ndiyo kamusi ya wajifunzaji ambayo, katika matoleo yake yaliyofuata, imekaa katika maktaba nyingi za shule za Afrika Mashariki, na ambayo kwa kila nomino huweka kialama cha kuonyesha inahesabika au haihesabiki. Mwanafunzi wa Tabora anapokiona kialama hicho pembeni mwa neno "information", akaacha kuandika "informations", anasaidiwa na swali lililoulizwa na mwanafunzi wa Kijapani karibu karne moja iliyopita.

Kwingineko mambo yalikwenda vivyo hivyo. Michael West alifanya kazi Bengal, na kamusi aliyoitoa pamoja na J. G. Endicott mwaka 1935 ilieleza maneno yake yote kwa kutumia msamiati wa maneno 1,490 tu. Mwaka 1936 T. J. Fitikides, mwalimu wa Kupro, alitoa kitabu cha makosa yanayozoeleka katika Kiingereza ambacho kimeendelea kuchapishwa kwa miongo mingi na kusomwa mbali sana na Kupro. Katika kitabu cha namna hiyo "borrow" na "lend" hukaa ukurasa mmoja, jambo ambalo Lowth asingeliona kuwa na maana yoyote.

Upande wa Kiswahili

Kwa wanafunzi wa Kiswahili hadithi hii inapaswa kusikika kama ya nyumbani. Sarufi za kwanza za Kiswahili zilizochapishwa zilitokana na wageni waliouliza. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitoa muhtasari wake wa sarufi mwaka 1850. Edward Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870, kutokana na miaka aliyoishi Unguja akiwauliza wenyeji. Naye, kama Lowth, baadaye akawa askofu. Mswahili wa Lamu hakuwahi kumwuliza mama yake kwa nini kiti kikiwa zaidi ya kimoja huwa viti. Krapf aliuliza. Ngeli, ambazo leo mwanafunzi wa Kiswahili huzikariri kana kwamba zilishuka pamoja na lugha, ziliandikwa kwa sababu mtu asiyezijua alijikwaa juu yake, na watu wa Mombasa na Unguja, ambao majina ya wengi wao hayamo katika kurasa za mwanzo za vitabu hivyo, walimjibu. Elimu ile ni ya muulizaji na ni ya mjibuji.

Tofauti iko katika kilichofuata. Maswali ya Mwingereza kuhusu Kiswahili yalipata majibu yaliyopangwa mahsusi kwa ajili yake, kuanzia Steere hadi sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944. Maswali ya Mswahili kuhusu Kiingereza hayakupata kitabu cha uzito huo. Amepewa majibu ya Mholanzi, ya Mjapani na ya Mkupro, yakamfaa pale ambapo shida zao zinafanana na zake. Pale zisipofanana ameachwa aonekane mzembe.

Neno "azima" linaonyesha jambo hili. "Niazime kalamu yako" ni ombi la kupewa. "Nimeazima kalamu kwa Juma" ni taarifa ya kupokea. Kitenzi ni kimoja, na mwelekeo hujulikana kwa muundo wa sentensi. Kwa upande wa fedha Kiswahili kina kopa na kopesha, na hapo mwelekeo hubebwa na kiambishi cha kutendesha. Mwanafunzi anayeandika "Borrow me your pen" hajakosa akili ya kutofautisha mtoaji na mpokeaji. Amelichukua neno la Kiingereza akalifanyisha kazi ya azima. Akielezwa kwamba "borrow" na "lend" ni kama kopa na kopesha, wala si kama azima, ataelewa kwa dakika moja. Lakini maelezo hayo hayawezi kutoka Kupro.

Vibainishi navyo ni hivyo. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina "the", na kwamba ndiyo sababu mwanafunzi huisahau au huiweka mahali pasipostahili. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. "Nimesoma kitabu" na "Nimekisoma kitabu" si sawa; ya pili hudokeza kwamba kitabu kinajulikana kwa wote wawili. "Mtu yule" na "yule mtu" pia si sawa, na msimulizi wa hadithi akitanguliza "yule" huwa anamrejelea aliyekwisha kutajwa. Dhana ya ujulikanaji anayo mwanafunzi tangu utotoni. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kuitamka kila mara kabla ya nomino. Vivyo hivyo kuhusu "in", "on" na "at": anayesema nyumbani pana watu, kuna watu, mna watu, anatenganisha mahali mahususi, mahali pa jumla na ndani, ila hutenganisha katika upatanisho, si katika kihusishi. Kumwambia kwamba lugha yake haina tofauti hizo ni kumdanganya, na ni kuutupa msaada uliokuwa tayari mkononi mwake.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari hufundishwa na kutahiniwa masomo mengine kwa Kiingereza. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilieleza kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo hayo. Mengi yamesemwa tangu wakati huo kuhusu lugha ya kufundishia, na mjadala huo una mahali pake. Lakini maadamu mtihani wa baiolojia unaandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi anayeandika sentensi ya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza hupoteza alama za baiolojia kwa jambo lisilo baiolojia. Pit Corder alisema mwaka 1967 kwamba makosa ya mwenye kujifunza ni ushahidi wa mfumo anaoujenga, si takataka za kufagiwa. Kwa mfumo unaojengwa na mamilioni ya watu wa lugha moja, tena lugha iliyochunguzwa kwa kina namna hii, ushahidi huo umekusanywa kidogo mno.

Mfano wa mwisho ni wa kitenzi. Mwanafunzi amemwona mwenzake kitandani, macho yamefumbwa, naye huandika "He has slept". Mwalimu huisahihisha kuwa "He is asleep", na mara nyingi haandiki sababu. Sababu ni -me-. Katika "amelala", "amesimama", "amevaa", kiambishi hiki husema kwamba tendo limetimia na hali iliyozaliwa nalo ingalipo: amekwisha kuingia usingizini, na bado yumo. Hali timilifu ya Kiingereza hugusana na -me- katika "amefika", ikaachana nayo katika "amelala". Pia huachana nayo katika "Nimemwona jana", ambayo kwa Kiswahili haina kasoro, lakini "I have seen him yesterday" hukatwa kwa kalamu nyekundu. Fundo hili lilikwisha kufunguliwa. Ashton alilieleza mwaka 1944, katika sura zake kuhusu viambishi vya wakati, kwa sababu Waingereza waliojifunza Kiswahili walikuwa wakilitatiza kutoka upande wao, wakidhani kwamba "amelala" ni tendo lililopita. Maelezo yapo, kwa Kiingereza, kwa ajili ya Mwingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayetaka kuyatumia sharti kwanza akijue Kiingereza cha kuyasomea, kisha ayasome kinyumenyume.